Kikundi cha nyimbo kwa wajawazito: sauti ya mama inatosha

Swali: Mimi ni mwalimu wa kwaya, na mdogo wangu ni mkunga katika kliniki ya wajawazito. Tumekubaliana kuanzisha kikundi cha nyimbo kwa akina mama wa kliniki hiyo na familia zao, lakini kila tunayemuuliza anatuambia lake. Mmoja anasema tuwapigie Mozart ili watoto wazaliwe na akili. Mama mwingine huweka simu yenye muziki juu ya tumbo kila usiku. Akina baba nao hatujui tuwaweke wapi. Je, mtoto aliye tumboni anasikia kweli? Tuanzie wapi, na tutajuaje kama tunawasaidia?

Jibu: Mwalimu, hongereni wewe na mdogo wako kwa wazo hili. Nimekuwa mkunga miaka mingi kabla ya kuanza kuwafundisha wanaoongoza vikundi vya namna hii, na bado kila nikisikia kinaanza kingine nafurahi kama siku ya kwanza.

Tuanze na Mozart, maana msipolimaliza hilo mapema litawarudia kila wiki. Mwaka 1993 watafiti wa Marekani waliwasikilizisha wanafunzi 36 wa chuo kikuu sonata ya Mozart kwa dakika 10, kisha wakawapa mafumbo ya kuwazia karatasi iliyokunjwa na kukatwa itaonekanaje ikikunjuliwa. Alama zao zilipanda, na faida hiyo ikayeyuka ndani ya robo saa. Basi. Hapakuwa na mjamzito wala mtoto mchanga hata mmoja katika jaribio lile. Lakini habari zilisambaa na kukua njiani, hata mwaka 1998 gavana wa jimbo la Georgia, Zell Miller, akaomba fedha za bajeti ili kila mtoto anayezaliwa jimboni apewe muziki wa aina hiyo. Mama anayempenda Mozart amsikilize kwa raha zake. Asiyempenda asiingiwe na hofu kwamba amemnyima mwanawe kitu.

Sasa, mtoto anasikia? Ndiyo, anasikia. Sikio lake la ndani hujijenga mapema, na kuanzia kati ya wiki ya 24 na ya 28 hivi huanza kuitikia sauti: moyo hubadili mapigo, au anashtuka na kucheza. Ila asikiavyo yeye si kama usikiavyo wewe uliyeketi kwenye kiti. Sauti za chini hupita vizuri kwenye mwili na maji, zile nyembamba hufifia. Maneno humfikia yamefifia, lakini mahadhi na mapigo humfikia. Na kuna sauti moja inayomfikia kwa njia mbili, kupitia hewa na kupitia mifupa na nyama: sauti ya mama yake mwenyewe.

Mwaka 1980 watafiti DeCasper na Fifer waliwapa watoto wa siku chache tu chuchu ya kunyonya isiyo na maziwa, iliyounganishwa na kinasa sauti. Wakinyonya kwa mpigo fulani, wanasikia sauti ya mama zao. Wakinyonya kwa mpigo mwingine, wanasikia ya mwanamke mwingine. Wengi wao walibadili unyonyaji wao ili wampate mama. Miaka sita baadaye DeCasper na mwenzake Spence wakaonyesha kwamba mtoto huitambua hata hadithi ambayo mama aliisoma kwa sauti kila siku katika wiki 6 za mwisho za mimba. Na mwaka 2013 huko Finland, watoto waliosikilizishwa wimbo mmoja mara kwa mara katika miezi mitatu ya mwisho waliutambua walipozaliwa, na alama yake ilionekana kwenye ubongo hata walipofika miezi minne.

Kwa hiyo yule mama anayelaza simu tumboni mwambieni kwa upole aiondoe. Sauti kubwa iliyobandikwa kwenye tumbo haina faida inayojulikana, na mtoto hawezi kugeuka akaikimbia. Akae, aimbe mwenyewe, kwa sauti ya mazungumzo ya kawaida. Akisema hajui kuimba, mwambieni mtoto wake hajasikia mwimbaji mwingine wa kumlinganisha naye. Nimeisema kauli hiyo kwa akina mama wengi na sijaona hata mmoja asiyetabasamu.

Lakini Mwalimu, naomba hapa unisikilize kwa makini. Watu wengi huanzisha vikundi hivi kwa ajili ya mtoto. Mimi nakuomba ukianzishe kwa ajili ya mama. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu wajawazito 10 katika kila 100, na 13 katika kila 100 waliojifungua, hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka; katika nchi zenye kipato kidogo idadi hupanda zaidi. Wengi wao huenda kliniki, hupimwa presha, uzito, damu na mkojo, hurudi nyumbani, na hakuna aliyewauliza wanalalaje usiku. Kikundi chenu kitakuwa saa moja kwa wiki ambapo mtu anawatazama usoni. Wimbo ndio unaowakusanya na kuwafungua vifua.

Hilo si la kukisia. Huko Uingereza, watafiti Daisy Fancourt na Rosie Perkins waliwafuatilia akina mama 134 wenye dalili za sonona baada ya kujifungua. Baadhi waliimba pamoja na watoto wao kila wiki kwa wiki 10, wengine walikutana kucheza na watoto bila kuimba, wengine waliendelea na huduma ya kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Wote walipata nafuu kadiri muda ulivyokwenda, lakini wale waliokuwa na dalili nzito au za wastani na wakaimba ndio walioipata mapema kuliko waliobaki na huduma ya kawaida. Waliokutana kucheza tu hawakuonyesha tofauti hiyo. Kwa mama mwenye mtoto mchanga, kupona mwezi mmoja mapema ni jambo kubwa sana. Na huko Gambia watafiti hawakuleta waimbaji kutoka nje. Walikwenda kwa wanawake wa vikundi vya kanyeleng, wanawake waliohangaika kupata watoto au waliofiwa na watoto, ambao tangu zamani huimba na kucheza ngoma pamoja. Hao ndio waliowaongoza wajawazito katika vipindi vya kila wiki kwa wiki 6, na dalili za huzuni na wasiwasi zikapungua. Nalipenda sana jambo hili: walioumia katika uzazi ndio waliokabidhiwa kuwaimbisha wengine.

Nikueleze kosa langu ili wewe usilirudie. Kikundi changu cha kwanza nilikiendesha kama kwaya. Nilipanga sauti ya kwanza na ya pili, nikasahihisha waliopotoka, nikatangaza kwamba wiki ya mwisho tutaimba mbele ya wageni. Tulianza na akina mama kumi na mmoja, na hadi wiki ya tano walibaki wanne, wale waliokuwa waimbaji tayari. Nilipokwenda kumtembelea mmoja wa walioacha, aliniambia, "Dada, mimi nilidhani tunakuja kupumzika." Tangu siku hiyo hakuna onyesho, hakuna majaribio ya sauti, na anayekosea haelekezwi. Wewe ni mwalimu wa kwaya, sikio lako litakuuma. Livumilie.

Namna ninavyoendesha kipindi sasa ni hii. Viti vyenye migongo vipangwe duara, vingine viwili vitatu vya ziada kwa ajili ya miguu. Maji ya kunywa yawepo, na choo kiwe karibu, tena kila mtu aambiwe mwanzoni kwamba anaweza kutoka bila kuomba ruhusa. Asisimame mtu muda mrefu, maana mjamzito huweza kuona kizunguzungu na kuanguka. Asilale chali kwa mazoezi ya pumzi, hasa mimba ikishapita nusu, kwa sababu uzito wa tumbo hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Na kumbuka kwamba miezi ya mwisho kiwambo cha pumzi kimesukumwa juu: mistari mirefu uliyozoea kuwadai wanakwaya wako itawachosha hawa. Chagua mistari mifupi, teremsha ufunguo, usiwaambie wabane pumzi. Wakitoa pumzi ndefu na ya taratibu kwenye silabi ya mwisho, wanajizoeza jambo watakalolihitaji uchungu ukianza.

Tunaanza kwa kuguna tu, midomo imefumba, mikono juu ya tumbo. Kisha nyimbo wanazozijua, za kuimbisha na kuitikia, kwa sababu katika kuitikia hakuna anayesikika peke yake. Mwenye haya hujificha humo wiki mbili tatu, halafu siku moja unasikia sauti yake. Katikati tunaacha nafasi ya maongezi na sijawahi kuifupisha ili wimbo uishe. Mwisho ni nyimbo za kubembeleza mtoto.

Hapo kwenye bembelezi ndipo penye hazina. Mwaka 2011 huko New York, ukumbi wa Carnegie Hall ulianzisha mradi wa kuwakutanisha wajawazito na wazazi wapya na wanamuziki, kila mzazi atunge wimbo wa kumbembeleza mwanawe, na mradi huo umeenea kwingi. Msingi wake hauhitaji ukumbi mkubwa. Unahitaji mtu mmoja anayejua kusikiliza.

Nikupe mfano. Mama mmoja, mimba yake ya tatu, aliniambia hajui kutunga na hataki kujaribu. Nikamwacha. Baadaye nikamuuliza tu, "Usiku mtoto akicheza na wewe uko macho, humwambiaje?" Akafikiri, akasema, "Namwambia, tulia, nami nimechoka." Kulikuwa kimya kidogo, kisha wawili wakacheka kwa sababu nao husema hivyohivyo. Nikamwomba alirudie polepole. *Tulia, nami nimechoka.* Sikubadili neno. Nilifuata tu pale sauti yake ilipopanda na kushuka alipolisema, nikalivuta kidogo likawa mahadhi. Wenzake wakamwongezea kiitikio: *Tulia, tulale wote.* Mara ya kwanza niliimbisha mimi. Mara ya tatu aliimbisha yeye, amefumba macho, kidole gumba kikipapasa ubavu wa tumbo pale mguu wa mtoto ulipokuwa ukisukuma. Wimbo mzima ulikuwa mistari hiyo miwili. Alipojifungua alinipigia simu, na nyuma ya sauti yake nilisikia mtu mwingine akiuimba. Alikuwa mumewe.

Hapa ujuzi wako wa muziki utafaa kuliko wangu. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Pigo zito likiangukia *cho* katika *nimechoka*, mama anausikia wimbo kama maneno yake mwenyewe. Likiangukia *ka*, wimbo unageuka wa mgeni, na atausahau kabla hajafika nyumbani. Kwa hiyo mwache aseme kwanza, mahadhi yafuate usemi. Sauti zisipande sana, mistari ijirudie, mwendo uwe wa mtu anayetembea polepole akiwa amembeba mtoto.

Na msikatae mistari yenye uchovu au hofu. Wengi wataandika kwanza yale wanayodhani mnataka kuyasikia: furaha, baraka, malaika. Ni mazuri, lakini mama akisema "naogopa", mwacheni aliimbe neno hilo. Chunguzeni pia nyimbo mnazozileta ninyi. Wimbo unaoahidi kwamba mtoto atazaliwa salama unaweza kumchoma mwanamke ambaye mara iliyopita alirudi nyumbani mikono mitupu, na katika kila duara karibu kila mara yupo. Mimi huchagua nyimbo zinazozungumza na mtoto wa leo, aliyepo, anayecheza.

Akina baba. Nitasema ukweli hata kama si mtamu: watoto wachanga waliojaribiwa mwaka 1984 hawakuonyesha kuipendelea sauti ya baba kuliko ya mwanamume mwingine, tofauti na walivyofanya kwa mama. Baba asiambiwe kwamba akiimbia tumbo mtoto atazaliwa anamjua. Aambiwe kwamba anajifunza kazi. Utafiti wa Montreal, Canada, uliochapishwa mwaka 2015 uliwapima watoto wa miezi 6 hadi 9 walioketi wakisikiliza sauti bila kumwona aliyeitoa: kwa wimbo, tena wa lugha wasiyoijua, walikaa kama dakika 9 kabla ya kuanza kulalamika, kwa maneno ya kusemezwa, dakika 4 na kidogo. Kwa nyumba yenye mama aliyeshonwa na hajalala siku tatu, dakika 5 za ziada ni usingizi. Baba anayejua wimbo mmoja barabara ana cha kufanya saa tisa za usiku.

Lakini msiwaingize kila wiki. Kuna mambo hayasemwi mume akiwa ameketi pembeni, na kuna mwanamke ambaye saa ile ndiyo pekee anayokuwa mbali na nyumba isiyo na amani. Mimi huwaalika wiki ya nne na ya mwisho, pamoja na bibi wa mtoto, dada, na yeyote atakayemshika mtoto, wafundishwe bembelezi la nyumba yao. Wiki nyingine zote duara ni la akina mama. Asiye na mwenzi mwambieni "njoo na mtu wako", msiseme "njoo na mumeo".

Kuhusu mipaka, mdogo wako ndiye awe mwenye neno la mwisho, na awepo chumbani kila kipindi. Kikundi hiki si tiba ya sonona wala hakichukui nafasi ya kliniki. Kuna maswali 10 yaliyotungwa na Cox na wenzake mwaka 1987, yanayojulikana kama kipimo cha Edinburgh cha kutambua dalili za sonona, na swali la mwisho huuliza kuhusu mawazo ya kujidhuru. Hayo ayaulize yeye mkunga, faraghani, akiwa tayari anajua atampeleka wapi atakayejibu ndiyo. Usiyaulize wewe, na yasijazwe kwenye duara. Kazi yako ni kuona: aliyekuwa akiimba ameacha kuimba, aliyekuwa akija mapema anachelewa na hatazami mtu. Unamwambia mkunga siku hiyohiyo. Na mama akisema katikati ya wimbo kwamba anatokwa na damu au maji, kichwa kinamuuma sana na macho yanaona maruweruwe, au mtoto hajacheza kama kawaida yake, wimbo unakatwa hapohapo na anapelekwa kupimwa. Asisubiri kipindi kiishe ili asiharibu shughuli. Wengi watataka kusubiri, kwa adabu.

Mjiandae pia kwa msiba, kabla haujatokea. Amueni sasa ni nani atakayempigia mama aliyepoteza mimba au mtoto, na amuulize yeye mwenyewe wenzake waambiwe nini. Kama mna kundi la WhatsApp la kukumbushana vipindi, aondolewe kwenye matangazo ya wajawazito kwa ridhaa yake, asije akaamshwa na ujumbe wa "mama zangu, tumbo linaendeleaje". Mlango uachwe wazi. Mmoja alirudi kwangu baada ya miezi, akaomba aketi tu. Aliketi vipindi viwili bila kuimba.

Wale watakaojifungua kabla ya wakati msiwasahau. Mwaka 2013 Joanne Loewy na wenzake walichapisha utafiti wa watoto njiti 272 katika hospitali 11: watoto walioimbiwa na kupigiwa muziki wa taratibu, ukiwemo wimbo uliochaguliwa na wazazi wao, walionekana kutulia, mapigo ya moyo yalipungua, na wasiwasi wa wazazi ulishuka. Mama aliyetunga bembelezi lake akiwa mjamzito ana kitu cha kumpa mtoto aliye kwenye mashine ya kumtunzia joto, hata kama bado haruhusiwi kumbeba. Aulize wauguzi wa wodi, aimbe kwa sauti ya chini sana, aache akiona mtoto anachoka.

Tarehe na mahali wachague wenyewe. Siku ya kliniki ni rahisi kwa sababu wameshafika, lakini mwenye hofu ya kupoteza nafasi yake kwenye foleni hawezi kuimba, hivyo wapeni namba kwanza au mfanye baada ya huduma. Wiki 6 zinatosha kuanzia, 10 ni bora. Wanane hadi kumi na wawili kwa duara moja.

Mtajuaje kama mnasaidia? Msipime uimbaji. Wekeni daftari la mahudhurio na mlitazame kila wiki: nani amerudi, nani hakurudi, na asiyerudi apigiwe simu na mtu anayemjua kwa jina. Mwanzoni na mwishoni mkunga awaulize maswali yake yale 10, alinganishe. Na kila mwisho wa kipindi mimi huuliza swali moja tu wakiwa wanavaa viatu: "Wiki hii umeimba nyumbani?" Wiki ya kwanza hujibu ndiyo wawili. Mkifika wiki ya nne na bado ni wawili, punguzeni nyimbo, ongezeni muda wa maongezi, na muwaulize wao wangependa kuimba nini.

Niandikie baada ya kipindi cha kwanza, uniambie walikuja wangapi na nani alikaa karibu na mlango. Huyo wa mlangoni wiki ijayo mwekee kiti palepale.